Fito za Wavu na Hukumu ya Sungura Aliyenaswa

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: ndugu zetu Waislamu wanaoishi Uingereza, hasa walio karibu na mashamba, hukutana na aina ya uwindaji ambayo vitabu vinavyosomeshwa katika madrasa zetu haviielezi. Mnyama mdogo aitwaye fereti huingizwa katika shimo la sungura. Sungura hutoka mbio kwa hofu, na huko nje hukuta wavu uliosimamishwa kwa fito. Swali ni hili: je, nyama ya sungura huyo ni halali?

Wapo wanaojibu kwa haraka kuwa ni halali, kwa sababu sungura ni halali. Wapo wanaojibu kwa haraka kuwa ni haramu, kwa sababu amekamatwa na mnyama mwenye meno. Majibu yote mawili yana upungufu. Hukumu inategemea sungura amefikiwa akiwa katika hali gani, na jambo linaloonekana dogo kabisa, yaani uteuzi wa fito za wavu, ni miongoni mwa mambo yanayoamua hali hiyo.

Sungura katika Sunna

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kuwa walimkurupusha sungura mahali paitwapo Marr al-Dhahran, karibu na Makka. Watu walimkimbiza mpaka wakachoka, kisha Anas akamkamata na kumpeleka kwa Abu Talha. Abu Talha akamchinja na kupeleka sehemu ya mapaja kwa Mtume (S.A.W.), naye akaipokea. Katika Sunan ya Abu Daud na wengineo imepokewa pia kuwa Muhammad bin Safwan alikamata sungura wawili, hakupata kisu cha chuma, akawachinja kwa jiwe lenye makali, na Mtume (S.A.W.) akamruhusu kuwala.

Kwa hiyo maimamu wanne wamekubaliana kuwa sungura ni halali. Wanazuoni wa madhehebu ya Ja'fari wana rai nyingine, nao wanamharimisha. Msomaji azingatie kuwa katika hadithi zote mbili sungura alishikwa akiwa hai, kisha akachinjwa. Hapo ndipo penye ufunguo wa mas'ala yetu.

Fereti ni mnyama gani, na desturi hii ilitoka wapi

Fereti ni mnyama wa kufugwa, mwembamba na mrefu wa mwili, wa ukoo mmoja na kicheche. Anaweza kupita katika shimo ambalo mbwa hawezi kuingia. Sungura anayewindwa naye ni sungura wa Ulaya, mwenye kuchimba mashimo na kuishi humo kwa makundi. Sungura wa porini tunaowajua zaidi Afrika Mashariki hawachimbi mashimo, hulala juu ya ardhi katika majani. Ndiyo maana uwindaji huu haukuwa na nafasi kwetu.

Asili ya sungura huyo wa mashimo ni Hispania na nchi zilizo jirani nayo. Mwanajiografia wa Kiyunani, Strabo, aliyeandika zama za mwanzo wa hesabu ya Miladi, ametaja kuwa watu wa Hispania waliwaingiza mashimoni wanyama wa jamii ya kicheche walioletwa kutoka Afrika Kaskazini, wakiwa wamefungwa midomo, na wawindaji wakawasubiri sungura nje.

Waislamu walipoitawala Andalusia walimkuta sungura huyo na kumwita *qunilya*, jina lililotokana na Kilatini. Ibn Said al-Maghribi, mwanahistoria wa karne ya 13 Miladi, amemweleza, na maelezo yake yamehifadhiwa na al-Maqqari (aliyefariki mwaka 1041 Hijria, sawa na 1632 Miladi) katika kitabu chake *Nafh al-Tib*. Humo mnasemwa kuwa mnyama huyu ni mdogo kuliko sungura wa kawaida, nyama yake ni tamu zaidi, na manyoya yake yalivaliwa na Waislamu na Wakristo wa Andalusia. Kisha akapelekwa Ceuta na Tunis. Kwa hiyo sungura wa mashimo si mgeni katika historia ya Waislamu.

Uingereza, ufugaji wa sungura hawa katika viunga maalumu ulienea baada ya Wanormandi kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Katika kitabu cha Zaburi kijulikanacho kama *Queen Mary's Psalter*, kilichoandikwa huko mwanzoni mwa karne ya 14, mna picha ya wanawake wakiwinda sungura kwa fereti na wavu. Desturi hiyo inaendelea hadi leo, na sababu kubwa ni kwamba sungura huharibu mazao.

Wavu na kazi ya fito

Nyavu zitumiwazo ni za aina mbili. Kuna vyavu vidogo vya kufunika mdomo wa kila shimo, ambavyo hujikaza kama mfuko na hushikiliwa na kigingi kimoja. Kuna pia wavu mrefu, unaoweza kufika mita 50 au 100, unaozungushwa nje ya eneo lenye mashimo au kichaka. Huu ndio unaohitaji fito.

Wavu mrefu haukazwi kama ukuta, bali huachwa umelegea. Kamba ya juu na ya chini hushikwa na fito, na nyuzi za katikati hubaki na ziada ili ziangukie chini kama tumbo la mfuko. Sungura anapoingia kwa kasi huviringika ndani ya tumbo hilo na hubaki hai mpaka mwindaji amfikie. Ufito ukiwa mbaya, mpango huu wote huharibika.

Aya moja, hatari tatu

Aya ya 3 ya Suratul Maida imetaja wanyama walioharimishwa. Miongoni mwao ni aliyekufa kwa kunyongeka (*al-munkhaniqa*), aliyekufa kwa kupigwa na kitu kisicho na makali (*al-mawqudha*), na aliyeliwa na mnyama mkali. Kisha aya ikamtoa yule aliyewahiwa kuchinjwa. Ajabu ni kuwa uwindaji huu unazikusanya hatari hizo tatu mahali pamoja.

Ya kwanza ni wavu. Sungura akinyongwa na nyuzi mpaka akafa, huyo ni mfu, hata kama mwindaji alisema Bismillahi alipotega. Wavu si silaha yenye makali.

Ya pili ni ufito. Sungura akijigonga kwenye ufito mnene akafa, au ufito ukamwangukia, yumo katika hukumu ya aliyekufa kwa kipigo. Adiy bin Hatim (r.a.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu fimbo ya kurusha, akafundishwa kuwa mnyama aliyepatwa na ncha akatobolewa huliwa, na aliyepigwa kwa ubavu wake haliwi. Na je, ncha ya ufito uliosimikwa ikimchoma? Wanazuoni wa Kihanbali, akiwemo Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 Hijria), wameruhusu mnyama aliyeuawa na makali yaliyotegwa kwa nia ya kuwinda pamoja na kutajwa jina la Mwenyezi Mungu. Mashafi'i hawakuruhusu. Lakini ufito hausimikwi kwa nia ya kuchoma, kwa hiyo hauingii katika ruhusa hiyo.

Ya tatu ni fereti mwenyewe. Jamhuri ya wanazuoni wameruhusu mawindo ya kila mnyama aliyefundishwa, lakini wameweka masharti: aende anapotumwa, na amshikie mwenyewe mawindo bila ya kula. Wengi wao wameongeza kuwa atii anapokatazwa. Fereti akimuua sungura chini ya ardhi, mara nyingi hubaki huko akila, kisha hulala. Mwindaji humwita asitoke, na hulazimika kuchimba. Mnyama wa namna hii hakutimiza masharti, na sungura aliyemuua haliwi. Kazi inayokubalika kwake ni kumtisha sungura atoke nje.

Basi njia ya halali ni moja: sungura afikiwe akiwa hai, kisha achinjwe. Akishanaswa amekuwa mikononi mwa mwindaji, na hukumu yake ni kama ya kuku au mbuzi: hukatwa koromeo na umio kwa kisu kikali, na hutajwa jina la Mwenyezi Mungu.

Hapa tunawatahadharisha ndugu zetu. Desturi ya wawindaji wa Uingereza ni kumvunja shingo sungura kwa mikono mara tu anapotolewa wavuni. Sungura wa namna hiyo ni mfu kisheria, hata kama aliyemvunja ni Mwislamu. Tena nyama yake huwa safi, haina tundu la risasi, na mnunuzi huweza kudhani kuwa imechinjwa. Asitosheke kuambiwa kuwa sungura alikamatwa kwa wavu, aulize alikufaje.

Fito zichaguliweje

Baada ya kufahamu hayo, sifa ambazo wawindaji wazoefu wanazitaka katika ufito zinakuwa na maana mpya kwa Mwislamu.

1. *Urefu.* Ufito huwa wa kiasi cha mita moja au pungufu kidogo, ili baada ya kuchomekwa ardhini wavu usimame kufika usawa wa goti au kupita kidogo. Ukiwa mfupi, sungura huruka. Ukiwa mrefu mno, wavu hunyooka, tumbo lake hupotea, na sungura hukwama kichwa badala ya kuviringika.

2. *Unene.* Kiasi cha kidole gumba chatosha. Ufito mnene humjeruhi anayejigonga, na mwembamba mno hupinda, wavu ukalala.

3. *Unyoofu na ulaini.* Vifundo na magome yaliyochanika hushika nyuzi, na wavu hauanguki ipasavyo. Ndiyo maana fito huambuliwa na kulainishwa.

4. *Ncha.* Ichongwe upande wa chini tu. Kwa ardhi ya mawe au iliyoganda kwa baridi huwekwa ncha ya chuma. Upande wa juu uwe butu, usimdhuru mtu wala mnyama.

5. *Aina ya mti.* Waingereza tangu zamani hupendelea mti wa *hazel*, ambao Waarabu huuita *bunduq*. Hutoa machipukizi marefu yaliyonyooka, hupinda bila kuvunjika upesi, na ukikatwa shinani huchipua tena. Hukatwa majira ya baridi na kuachwa ukauke taratibu. Siku hizi ziko pia fito za plastiki yenye nyuzi za kioo. Ni nyepesi na haziozi, ila hufaa zichunguzwe, kwani zikipasuka hutoa vibanzi vikali.

6. *Idadi.* Ufito mmoja kwa kila hatua nne au tano, na za akiba ziwepo. Wavu uliolala kwa kukosa ufito humfunga mnyama vibaya.

Juu ya yote hayo, wavu usiachwe bila mtu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa wema umefaradhishwa katika kila jambo, hata katika kuchinja. Kumwacha mnyama akihangaika katika nyuzi ni kinyume cha mafundisho hayo.

Milki ya fito na ya mawindo

Ufito ni mali. Kuukata katika msitu wa mtu bila idhini yake ni ghasbu, hata kama mti utachipua tena. Vivyo hivyo kuingia katika ardhi ya mtu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1880 ilimpa anayeitumia ardhi, hata akiwa mpangaji, haki ya kuwakamata sungura walio humo pamoja na mwenye ardhi. Mgeni anahitaji ruhusa, na Mwislamu hutimiza ahadi ya nchi anayoishi.

Ama mawindo, Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) na wengineo wameeleza kuwa mnyama akinaswa katika wavu uliotegwa kwa ajili ya kuwinda, anakuwa milki ya aliyeutega. Wavu ukiwa umeanikwa tu ukauke, kunasa kwake peke yake hakuleti milki. Na aliyewinda kwa wavu wa kughusubu, wanazuoni wamehitilafiana: wapo waliosema mawindo ni yake naye atalipa ujira wa wavu, na wapo waliosema mawindo ni ya mwenye wavu.

Hitimisho

Imamu akiulizwa kuhusu sungura wa fereti, asijibu kabla ya kuuliza mambo matatu: alifikiwa hai? Alichinjwa kwa kisu? Wavu ulitegwa wapi na kwa idhini ya nani? Na mwindaji akimkuta sungura ametulia kando ya ufito, asijue kama yu hai, aangalie dalili za uhai kama kujitupa kwa nguvu au damu kububujika anapochinjwa. Akibaki na shaka, amwache. Katika hadithi ya Adiy, mawindo yaliyokutwa yamezama majini yalikatazwa kwa kuwa haikujulikana ni mshale au maji yaliyoua. Shaka ikiingia katika nyama, asili yake ni kuharimishwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie chakula cha halali na elimu yenye manufaa. Wallahu A'lam.