Bei ya mada: hesabu ya saa kabla ya kusajili tasnifu ya isimujamii

Novemba 1962 William Labov alipita kwenye maduka makubwa matatu ya New York: Saks la wenye nazo, Macy's la watu wa kati na S. Klein la wenye kipato kidogo. Kila mhudumu alimuuliza ilipo bidhaa ambayo yeye mwenyewe alijua iko ghorofa ya nne, yaani "fourth floor", jibu lenye r mbili. Kisha alijifanya hakusikia ili alipate jibu hilo mara ya pili. Alisogea kando, akaandika alichosikia. Kwa muda wa saa sita na nusu hivi alikuwa amekusanya majibu ya watu 264. Waliotamka r angalau mara moja walikuwa asilimia 62 Saks, asilimia 51 Macy's na asilimia 20 S. Klein.

Kwa hesabu hiyo kila mtu alimgharimu dakika moja na nusu. Mwanafunzi wa uzamili anayepanga kurekodi mahojiano ya dakika 45 na kuyachambua atatumia, kama tutakavyoona, saa saba hivi kwa kila mtu. Hiyo ni mara 280 ya muda aliotumia Labov. Tofauti haitokani na akili wala vifaa, inatokana na swali. Isimujamii ni taaluma ambayo mada mbili zinazofanana kwa jina zinaweza kutofautiana kwa mamia ya saa, na tofauti hiyo huamuliwa siku ile mwanafunzi anapoandika pendekezo lake la utafiti.

Saa ulizonazo

Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya uzamili inadai krediti zisizopungua 180. Jumla ni saa 1,800. Uingereza nako hesabu ni hiyo hiyo: krediti 180 kwa mwaka mmoja, na kwa kawaida 60 kati yake ni za tasnifu. Tuichukue theluthi hiyo kuwa kipimo chetu, yaani saa 600 za kusoma maandiko, kwenda uwandani, kusikiliza, kuchambua na kuandika.

Anayesoma kwa muda wote, akitenga saa 40 kwa wiki, ana wiki 15. Mwalimu wa sekondari anayesoma jioni na mwisho wa wiki, akipata saa 10 kwa wiki, anahitaji wiki 60. Huyo wa pili ndiye aliyejaa katika madarasa yetu ya uzamili, na kosa dogo la kukadiria linamsogezea mahafali mwaka mzima.

Vigezo huzidishana

Tuseme unataka kujua nani katika mji wako hutamka "dhahabu" na nani hutamka "zahabu". Unaanza na jinsia: visanduku viwili. Unaongeza umri kwa makundi matatu: visanduku sita. Unaongeza elimu kwa makundi mawili: 12. Msimamizi anashauri ulinganishe mji na kijiji: 24. Ukiweka watu watano katika kila kisanduku, sampuli imetoka watu 10 ikafika 120, ilhali kwenye karatasi umeongeza maneno matatu tu.

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu tunafikiria vigezo kama vitu vinavyojumlishwa. Visanduku 12 vyenye watu watano watano ni watu 60, idadi ile ile aliyoitumia Peter Trudgill katika utafiti wa Norwich uliochapishwa mwaka 1974. Watu 120 ndio waliorekodiwa Montreal mwaka 1971 kwa ajili ya hazina ya Kifaransa cha mji ule, lakini pale ilikuwa kazi ya timu. Gillian Sankoff, mmoja wa watafiti wake, aliandika baadaye kwamba sampuli inayozidi watu 150 hivi huongeza mzigo wa data kuliko inavyoongeza maarifa.

Sasa tuingize saa. Makadirio yangu ni ya wastani, na kila mtu anaweza kuweka yake: saa mbili kwa kila mhojiwa, ikiwemo kumfuata, kusalimiana, kumweleza utafiti na kupata ridhaa yake, saa sita za kunukuu kila saa moja ya sauti, matamshi 30 ya kuhesabu kwa kila mtu, dakika moja kila tamko.

- Watu 120: uwandani saa 240, kunukuu saa 90 za sauti ni saa 540, kuhesabu matamshi 3,600 ni saa 60. Jumla saa 840.
- Watu 60: saa 120, saa 270 na saa 30. Jumla saa 420.
- Watu 24, yaani visanduku sita vya watu wanne wanne: saa 48, saa 108 na saa 12. Jumla saa 168.

Mpango wa kwanza umekula saa zote 600 na kudai 240 zaidi kabla sentensi moja ya tasnifu haijaandikwa. Wa pili unabakiza saa 180 za kusoma, kutetea pendekezo, kuandika sura zote na kurekebisha. Ni wa kujibana, na ukiongeza sauti nyingine mbili za kuchunguza zinabaki 120. Wa tatu unabakiza saa 432. Katika mipango yote mitatu kunukuu kunachukua zaidi ya asilimia 60 ya kazi ya data.

Kwa uzamivu picha hubadilika. Anayefanya kazi saa 35 kwa wiki, wiki 46 kwa mwaka, ana saa 4,830 katika miaka mitatu, na watu 120 watamla asilimia 17 tu ya muda. Lakini mhadhiri msaidizi mwenye vipindi vya kufundisha na mitihani ya kusahihisha, akibakiwa na saa 10 kwa wiki, ana saa 1,380. Sampuli ile ile inamla asilimia 61.

Lugha tatu, si mbili

Afrika Mashariki ina kizidisho chake. Charles Ferguson alipoieleza diglosia mwaka 1959 alihitaji sura mbili za lugha. Abdulaziz Mkilifi, alipoitazama Tanzania mwaka 1972, aliona mbili hazitoshi: mtu ana lugha ya nyumbani kwao, ana Kiswahili, na aliyesoma ana Kiingereza. Tanzania peke yake, atlasi ya Mradi wa Lugha za Tanzania ya mwaka 2009 inaorodhesha lugha 150 hivi.

Kwa mwanafunzi hii ina maana kwamba swali la nani anatumia lugha gani wapi linavimba haraka. Chukua mazingira matano: nyumbani, sokoni, ibadani, shuleni na ofisini. Zidisha kwa wasikilizaji watatu: wazee, rika na watoto. Una maswali 15, kila moja lenye majibu matatu yanayowezekana, hata kabla hujamuuliza mtu kama huchanganya lugha.

Hojaji ya maswali 15 ni rahisi: dakika 10 kwa mtu, watu 60 kwa saa 10. Ila hojaji inakuletea watu wanavyodhani wanazungumza. Mzazi anayejibu kwamba kwake ni Kihaya tupu anaweza kusikika dakika tano baadaye akimfokea mtoto kwa Kiswahili. Njia ya kati ni kuwapa hojaji wote 60, kisha kurekodi sita miongoni mwao. Saa nne na nusu za sauti, hata ukiziwekea saa 15 za kunukuu na kutafsiri kwa kila saa moja kwa sababu lugha zimechanganyika, ni saa 68 hivi. Unapata upana wa watu 60 na ushahidi wa masikio.

Hata kazi za timu zimeonja uzito huu. Uchunguzi wa matumizi ya lugha Afrika Mashariki uliofadhiliwa na Ford Foundation ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, ukagusa nchi tano: Ethiopia, Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Kitabu cha Kenya kilitoka mwaka 1974, cha Tanzania mwaka 1980.

Fedha zinapoishia

Vifaa si tatizo tena. Praat ya kuchambua sauti na ELAN ya kunukuu hupatikana bure. Sauti ya ubora wa kutosha, isiyobanwa, huchukua megabaiti tano na kidogo kwa dakika, hivyo saa 45 za watu 60 ni gigabaiti 14 hivi. Nakala tatu katika sehemu tatu tofauti hazifiki gigabaiti 45.

Vibali navyo hula siku zaidi ya fedha. Kenya, raia anayesoma uzamili amekuwa akiilipa NACOSTI, tume inayotoa vibali vya utafiti, shilingi 1,000 na wa uzamivu 2,000. Tanzania, barua ya chuo humpeleka mtafiti kwa katibu tawala wa mkoa, kisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Ofisi nne, na kila moja inaweza kukuambia urudi kesho. Utafiti wa mji na kijiji katika wilaya mbili unazirudia karibu ofisi zote.

Kinachokula fedha ni siku za uwandani. Ukihoji watu watatu kwa siku, watu 24 ni siku nane, watu 60 ni siku 20, watu 120 ni siku 40. Tuseme nauli, chakula, malazi na posho ya mwenyeji anayekutambulisha ni shilingi 40,000 za Tanzania kwa siku. Bajeti inakuwa 320,000, au 800,000, au 1,600,000. Weka bei za kwako, uwiano hautabadilika.

Anayekwenda Uingereza ana mzigo mwingine juu ya ada. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2025, mwombaji wa viza ya masomo London alitakiwa kuonyesha pauni 1,483 za kujikimu kwa mwezi kwa hadi miezi tisa, yaani pauni 13,347. Nje ya London ilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi, yaani 10,224. Kuna pia tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka. Tasnifu ya huko kwa kawaida hufanywa kiangazi, miezi mitatu hivi, na saa 600 ndani ya wiki 13 ni saa 46 kwa wiki. Tiketi ya kurudi kurekodi nyumbani inapaswa kuingia katika hesabu hiyo tangu mwanzo, au mada itafutwe miongoni mwa Waswahili waliopo huko huko.

Njia za kupunguza

Kumlipa mtu akunukulie hubadili saa kuwa fedha, lakini si zote. Nukuu lazima ihakikiwe kwa kusikiliza upya, na kwa saa mbili kwa kila saa ya sauti, saa 45 bado zinakudai saa 90. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi husaidia kwa Kiswahili sanifu. Hata hivyo zimefunzwa kuandika neno linalotarajiwa: mzungumzaji atasema "zahabu", programu iandike "dhahabu", na data yako imefutwa bila wewe kujua. Zitumie kutafuta ulipo mjadala fulani ndani ya rekodi, kisha usikilize mwenyewe.

Nafuu kubwa ni kutonukuu kila kitu. Anayechunguza sauti moja anahitaji matamshi 30, na mara nyingi dakika 15 za mazungumzo yaliyokolea zinayatosheleza. Kwa watu 60, kunukuu kunashuka kutoka saa 270 hadi 90. Lesley Milroy naye alionyesha Belfast kwamba watu 46 wa mitaa mitatu wanatosha kueleza mengi, mradi mtafiti anajua nani ni jirani, jamaa au mfanyakazi mwenza wa nani. Na zipo mada zisizo na sauti kabisa: mabango na vibao vya maduka. Vibao 400 vya mtaa mmoja, dakika tatu kila kimoja, ni saa 20, na hakuna wa kunukuu. Havikuambii watu wanazungumza nini, ila vinakuambia nani anadhaniwa kuwa mteja.

Idara zetu hudai katika pendekezo sura ya nadharia, mapitio ya maandiko na ratiba ya miezi. Ratiba ya miezi haisemi kitu, kwa sababu mwezi wa mwalimu wa sekondari na mwezi wa mwanafunzi wa muda wote si sawa. Idara zinafaa kudai ukurasa mmoja zaidi: idadi ya visanduku, watu kwa kila kisanduku, dakika za sauti, saa za kunukuu, na jumla. Mwanafunzi atakayekuja na ukurasa huo ataweza kujibu mbele ya jopo kwa nini amechagua watu 24 na si 60, na msimamizi anayetaka kuongeza "mji na kijiji" ataona palepale kwamba anamwomba mwanafunzi wake mara mbili ya kazi.