Damu Ikishatolewa Huenda Wapi? Wajue Watu wa Maabara ya Saratani ya Damu

Sisi watu wa Pwani tuna neno mumiani. Aliyelelewa Mombasa, Lamu, Malindi au Kilifi alitishwa nalo utotoni: kuna mtu atembeaye usiku akinyonya watu damu ikafanywe dawa, kwa hivyo mtoto awe nyumbani kabla ya Isha. Tumekuwa watu wazima na twacheka tukilitaja. Lakini mzazi akiambiwa hospitalini kwamba mwanawe atatolewa damu kidogo zaidi kwa ajili ya utafiti, moyo hushtuka. Yaenda wapi damu hiyo? Ni nani anayeikaa nayo, na anaifanyia nini?

Hayo si maswali ya ujinga. Ni maswali ya haki, na leo nataka kuyajibu kwa kuwaeleza ndugu zangu habari za watu wanaofanya kazi katika maabara za utafiti wa saratani ya damu, kwa lugha ya kitaalamu lukemia. Wengi wetu twamjua daktari aliyevaa koti jeupe wodini. Hawa wengine hatuwaoni.

Kwanza, maradhi yenyewe. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Humo huzaliwa seli nyekundu zinazobeba hewa, seli nyeupe zinazopigana na maradhi, na vigandisha damu. Katika lukemia, seli nyeupe huharibika na kuzaana bila mpango hadi zikawasonga wenzao. Mgonjwa hupungukiwa damu, hushikwa na homa zisizokwisha, hutoka michubuko bila kupigwa, fizi huvuja damu, na pengine bandama huvimba. Angalia jinsi dalili kadhaa katika hizo zinavyofanana na za malaria. Ndiyo maana kwetu mtu aweza kumeza dawa za malaria mara tatu au nne kabla hajafikiriwa kupimwa kitu kingine.

Lukemia pia si ugonjwa mmoja. Iko ya ghafla na iko ya polepole, na kila moja ina aina zake. Ya ghafla inayotokana na seli ziitwazo limfoidi ndiyo saratani inayowapata watoto zaidi kuliko nyingine yoyote. Nitakayoieleza ni moja ya zile za polepole, lukemia sugu ya mieloidi, kwa sababu historia yake yaonyesha vizuri kazi ya maabara.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mjini Philadelphia, Marekani, daktari mmoja kijana aitwaye Peter Nowell alikuwa akichunguza seli za wagonjwa wa lukemia. Siku moja alisuuza vioo vyake kwa maji ya mfereji tu. Seli zikafura kwa yale maji, na kromosomu zilizomo ndani, yaani zile nyuzi zinazobeba maagizo ya mwili, zikatawanyika zikaonekana wazi. Yeye hakuwa mtaalamu wa kromosomu. Akatafuta anayezijua, akampata David Hungerford, mwanafunzi aliyekuwa bado anaandika tasnifu yake katika taasisi ya saratani mjini humo. Hungerford alikaa kwenye darubini mpaka akaona jambo: katika seli za wagonjwa hawa, kromosomu moja ilikuwa fupi kuliko kawaida. Wakatangaza mwaka 1960. Wataalamu wakaiita kromosomu ya Philadelphia.

Lakini kile kipande kilichokosekana kilikwenda wapi? Jibu lilichukua zaidi ya miaka 10, na lilitoka kwa mama wa watoto wanne. Janet Rowley, daktari wa Chicago, alifanya kazi siku chache kwa wiki ili apate kulea wanawe. Alikuwa akipiga picha kromosomu kupitia darubini, kisha huenda na picha nyumbani, akazikata kwa mkasi moja moja na kuzipanga juu ya meza ya kulia chakula. Wanawe walimtania kwamba mama yao analipwa kwa kucheza na vikaragosi vya karatasi. Mwaka 1972, juu ya meza hiyo, aliona kwamba kipande hakikupotea. Kromosomu namba 9 na namba 22 zilikuwa zimekatika na kubadilishana vipande.

Wakaja wengine, katika maabara nyingine, wakaonyesha madhara ya kubadilishana huko. Pale vipande viwili vinapoungana hutokea jeni ambayo mtu hakuzaliwa nayo, iitwayo BCR-ABL. Jeni hiyo huunda protini inayoiamrisha seli izaane, izaane tena, bila kukoma. Ni kama swichi ya taa iliyokwama, haizimiki.

Ikiwa ni swichi, basi yaweza kutafutwa kitu cha kuizima. Wakemia na wanabiolojia wa kampuni moja ya dawa huko Basel, Uswisi, miongoni mwao Nicholas Lydon na Jürg Zimmermann, walitengeneza kemikali nyingi za kujaribu. Daktari Brian Druker, huko Portland katika jimbo la Oregon, akazijaribu kwenye seli zilizotolewa kwa wagonjwa. Moja ikaua seli mbovu na kuziacha nzima. Majaribio kwa watu yalianza mwaka 1998. Katika kundi la wagonjwa 54 waliopewa kipimo cha kutosha, na ambao dawa ya awali ilishindwa kuwasaidia, 53 damu yao ilirudi kuwa ya kawaida. Mei 2001, Marekani ikaidhinisha dawa hiyo, imatinibu. Ni kidonge cha kumeza nyumbani. Ugonjwa ambao zamani wengi wakiishi nao miaka michache tu, leo wengi wazeeka nao.

Hesabu basi. Kutoka 1960 hadi 2001 ni miaka 41. Hungerford alifariki mwaka 1993, hakuiona dawa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kuifikia peke yake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Na hao ni wale wenye majina tu. Nyuma yao kuna wasiotajwa. Kuna anayetoa damu au uboho kwa mgonjwa na kuandika namba kwenye chupa, kwani namba ikikosewa kazi yote huwa bure. Kuna anayepaka tone kwenye kioo na kulitia rangi ili seli zionekane. Kuna anayehesabu seli kwenye darubini mpaka macho yakamuuma. Kuna anayelinda majokofu, ambamo sampuli huhifadhiwa kwenye nitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ambaye usingizi humruka stima ikipotea. Kuna wa takwimu, kuna wa kuosha vyombo. Siku zao nyingi hupita bila jipya lolote, jaribio likashindwa, wakarudia.

Na yuko mmoja zaidi, ambaye bila yeye maabara ni chumba kitupu: mgonjwa. Kromosomu ya Philadelphia ilionekana kwenye damu za watu waliokuwa wakiumwa, na ambao wao wenyewe hawakupata faida. Sisi Waislamu twaijua sadaka yenye kuendelea baada ya mtu kuondoka. Mimi naiona hii kuwa ya jinsi hiyo.

Msomaji wangu aweza kuniuliza, hayo ya Philadelphia na Basel yatuhusu nini sisi wa hapa? Yatuhusu kwa mambo mawili.

La kwanza, dawa hiyo imefika kwetu. Kampuni ya Novartis pamoja na shirika la Max Foundation walianzisha mpango wa kuwapa bure wagonjwa wa nchi ambazo watu wake hawaimudu, na Wakenya wamo katika waliofaidika. Lakini mgonjwa hapewi kwa kukisiwa. Ni sharti kipimo cha maabara kithibitishe kwamba ile kromosomu au jeni yake imo. Anayekataa kutolewa damu kwa hofu ya mumiani ameifunga mwenyewe njia ya kidonge.

La pili, utafiti hauko ng'ambo tu. Kilifi kuna kituo cha KEMRI na Wellcome Trust tangu 1989. Hicho hakishughulikii lukemia hasa, chajulikana kwa malaria, lakini njia ya kazi ni hiyohiyo: sampuli, darubini, jokofu, subira. Watoto wa Kilifi walikuwa miongoni mwa walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Damu ya watoto wetu ilikwenda wapi? Ilikwenda huko.

Sisemi mtu akubali kila anachoambiwa. Utafiti wowote wa binadamu nchini lazima upitishwe na kamati ya maadili na uwe na leseni ya NACOSTI. Mzazi ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili anachokielewa, si kupewa karatasi ya Kiingereza na kalamu. Aulize: Mwatafuta nini? Damu hii itawekwa muda gani? Itapelekwa nje ya nchi? Nikikataa, mwanangu ataendelea kutibiwa? Jibu la swali hilo la mwisho lazima liwe ndiyo. Na mtafiti anayeudhika kwa kuulizwa hayo hafai kuaminiwa na sampuli ya mtu.

Na kwa vijana wetu wa kidato cha nne wanaopenda bayolojia lakini wadhani udaktari ndio mlango pekee: maabara yahitaji watu wa stashahada na watu wa shahada, mafundi na wataalamu. Hungerford alikuwa mwanafunzi. Rowley alikuwa mama wa nyumbani nusu wiki. Siku ambayo mzazi wa Pwani ataikuta sauti ya kwao, yenye lafudhi ya Kimvita au ya Kigiriama, ikimweleza damu ya mwanawe yaenda wapi, mumiani atabaki kuwa hadithi ya kulalia watoto.

Wabillahi tawfiq.