Kompyuta na Kodi ya Mapato: Kosa Hutokea Wapi?

Katika mji wa Magu, ulioko kilomita zipatazo 60 mashariki ya Mwanza kando ya barabara iendayo Musoma, hesabu ya kodi ya mapato ilikuwa kwa miaka mingi kazi ya kalamu, karatasi na foleni. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika katika kompyuta na simu. Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 1996, hupokea taarifa za walipakodi kwa njia ya mtandao. Mfanyabiashara wa dengu, mchuuzi wa dagaa na mwalimu mwenye duka wanaweza kuandaa hesabu zao kwa programu na kuzipeleka bila kusafiri.

Badiliko hilo limeleta wepesi. Hata hivyo, limezaa pia imani isiyo na msingi, nayo ni kwamba jumla iliyotolewa na mashine haiwezi kuwa na kosa. Mashine hujumlisha ilichopewa, nayo haina njia ya kujua kama ilichopewa ni kweli. Makosa mengi ya hesabu za kodi hutokea kabla ya kompyuta kuanza kukokotoa, na ndiyo maana dawa yake haipatikani katika kununua mashine mpya.

Fundisho la zamani

Jambo hili si geni nchini Tanzania. Kompyuta ya kwanza, ya aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuweka hesabu za serikali katika mashine liliingia katika mkanganyiko, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye. Fundisho lake lingali na nguvu: mashine ikiwekwa juu ya kumbukumbu zisizopangwa, na mikononi mwa watu wasioandaliwa, huongeza kasi ya kukosea. Kilichoipata Hazina kwa mamilioni kinaweza kulipata duka moja sokoni Magu kwa maelfu.

Daftari kabla ya programu

Kosa la kwanza ni kufungua programu bila kuwa na kumbukumbu. Hasara yake inaweza kupimwa kwa shilingi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliweka viwango vya kodi kwa mtu binafsi ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara ndogo. Mwenye mauzo ya mwaka yasiyozidi shilingi 4,000,000 hakutozwa kitu. Mwenye mauzo kati ya 4,000,000 na 7,000,000 alitozwa shilingi 100,000 kama hakuwa na kumbukumbu. Kama alikuwa nazo, alitozwa asilimia 3 tu ya kiasi kilichozidi 4,000,000. Kwa mauzo kati ya 7,000,000 na 11,000,000, asiye na kumbukumbu alitozwa shilingi 250,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kiasi kilichozidi 7,000,000.

Na tumchukue kwa mfano muuza dengu mwenye mauzo ya shilingi 9,000,000 kwa mwaka. Bila daftari, kodi yake kwa viwango hivyo ni 250,000. Akiwa na daftari, ni 90,000 kuongeza asilimia 3 ya 2,000,000, yaani 60,000, jumla 150,000. Tofauti ya shilingi 100,000 ni thamani ya daftari, kalamu na dakika kumi za kila jioni. Hakuna programu iwezayo kumrudishia fedha hizo mtu ambaye hakuandika mauzo yake, kwa kuwa programu haiwezi kukumbuka kilichouzwa mwezi Machi.

Jedwali lipi kwa nani?

Kosa la pili ni kutumia kanuni ya mtu mwingine. Viwango vilivyotajwa hapo juu ni vya mtu mwenye mapato ya biashara peke yake. Mwalimu mwenye duka hahusiki navyo, kwa sababu ana mapato ya ajira na ya biashara. Yeye hupaswa kuyajumlisha yote mawili, kutafuta kodi ya jumla hiyo, kisha kuondoa kodi ambayo mwajiri amekwisha kuikata.

Kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi kodi. Kiasi kinachofuata hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Hadi 760,000 asilimia 20. Hadi 1,000,000 asilimia 25. Na kinachozidi hapo asilimia 30. Mwalimu ambaye mshahara wake unaotozwa kodi ni 800,000 kwa mwezi hukatwa shilingi 78,000, au 936,000 kwa mwaka. Ikiwa duka lake limempa faida ya 1,200,000, mapato yake ya mwaka ni 10,800,000 na kodi yake yote ni 1,236,000. Akiondoa 936,000 zilizokwisha kukatwa, anadaiwa 300,000.

Programu inaweza kumpotosha mtu huyu kwa njia tatu. Akiikokotoa faida ya duka peke yake, ataona iko chini ya 3,240,000, kiasi kisichotozwa kodi kwa mwaka, naye ataamini kuwa hadaiwi kitu. Akiweka mshahara wa mwaka mzima, yaani 9,600,000, katika jedwali la mwezi, mashine itamtajia bila aibu kodi ya 2,708,000 badala ya 936,000. Na aliyeandika kanuni ya programu akisahau kwamba kila asilimia huhusu tabaka lake tu, mtu mwenye 1,000,100 kwa mwezi ataonekana kudaiwa 300,030, hali kodi yake halisi ni 128,030. Shilingi mia moja zaidi za mshahara haziwezi kuzaa kodi ya zaidi ya laki moja na nusu. Jibu la namna hiyo lenyewe ni ushahidi wa kosa.

Kuna pia faili lililorithiwa. Mtu huchukua jedwali la rafiki yake la mwaka uliopita na kubadilisha majina. Lakini viwango hubadilika: asilimia 8 iliyotajwa ilikuwa 9 hadi Juni 2021. Tena, sheria za fedha kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai, wakati mwaka wa mapato wa mtu binafsi huanza Januari. Kwa hiyo mwaka mmoja unaweza kuwa na viwango viwili. Kabla ya kujaza tarakimu hata moja, ni lazima kuhakikisha viwango na tarehe zake.

Tarakimu isiyohesabiwa

Kosa la tatu limefichika zaidi, kwani macho huona namba ambapo kompyuta huona maandishi. Wafanyabiashara wengi wamezoea kuandika fedha kwa mtindo wa stakabadhi, yaani 450,000/=. Katika programu ya jedwali, alama hizo mbili za mwisho huifanya namba iwe neno. Ikiamriwa kujumlisha safu, programu huliruka neno hilo kama inavyoliruka neno "mchele", wala haitoi onyo. Mauzo ya siku nzima hutoweka katika jumla ilhali yanaonekana wazi kwenye kioo. Herufi O iliyochapwa badala ya sifuri huleta matokeo yale yale.

Njia ya kutambua ni rahisi. Visanduku visipopangwa vinginevyo, namba husogea upande wa kulia wa kisanduku na maandishi hukaa kushoto. Safu ya fedha yenye mistari iliyoegemea kushoto yapaswa kuchunguzwa. Ni vema pia safu hiyo iwe na tarakimu tupu, na neno "shilingi" liandikwe mara moja tu katika kichwa chake.

Tarehe nazo zina mtego wake. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huisoma 3/4 kuwa tarehe 4 Machi, wakati mwandishi alikusudia tarehe 3 Aprili. Mauzo huhama kutoka robo moja ya mwaka hadi nyingine. Dalili yake ni kwamba tarehe zenye siku zaidi ya 12, kama 25/4, hubaki kuwa maandishi, kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Mwezi ukiandikwa kwa jina, utata wote huisha.

Ushahidi wa tisa

Baada ya kujaza, hesabu hulinganishwa. Jumla ya kompyuta huwekwa kando ya jumla ya daftari, au ya ripoti za mashine ya kielektroniki ya stakabadhi, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010. Zikitofautiana, si lazima kurudia kazi yote. Watunza hesabu wana jaribio la kale: tofauti igawanywe kwa 9.

Tuseme 54,000 imeandikwa 45,000. Tofauti ni 9,000, ambayo hugawanyika kwa 9 bila baki. Sababu yake ni ya kihisabati. Tarakimu ikihama nafasi moja kwenda kushoto, thamani yake huwa mara kumi, yaani huongezeka kwa mara tisa ya ilivyokuwa. Ikihama kwenda kulia, hupungua kwa kadiri iyo hiyo. Kwa hiyo tarakimu jirani zikibadilishana nafasi, tofauti haina budi kugawanyika kwa 9. Vivyo hivyo sifuri ikiachwa: 120,000 ikiandikwa 12,000, tofauti ni 108,000, na moja ya tisa yake ni 12,000, ambayo ndiyo namba iliyokosewa. Yafaa basi kuitafuta 12,000 katika orodha.

Tofauti isipogawanyika kwa 9, igawanywe kwa 2. Matumizi ya 35,000 yakiingizwa katika upande wa mapato, salio litapotoka kwa 70,000. Nusu yake huonyesha kiasi cha kutafutwa. Majaribio haya hutoa fununu tu, na ushahidi wa mwisho hubaki kuwa stakabadhi yenyewe.

Jina, namba na mtu

Wakati mwingine hesabu ni sahihi lakini mfumo humkataa mwenyewe. Jina lililo katika kitambulisho cha taifa ni tofauti na lililo katika namba ya utambulisho wa mlipakodi, au mwajiri amepeleka kodi chini ya namba iliyokosewa tarakimu moja, na makato ya mwaka mzima hayaonekani.

Ugumu wa kulinganisha kumbukumbu za mtu mmoja umechunguzwa kisayansi ndani ya wilaya ya Magu yenyewe. Katika eneo la Kisesa watafiti wamefuatilia kaya tangu mwaka 1994. Kuanzia mwaka 2015 walijaribu kuunganisha kumbukumbu za kliniki na kumbukumbu hizo za kaya, ilhali hapakuwa na namba moja iliyomtambulisha mtu katika zote mbili. Programu ilitafuta watu waliokaribiana kwa mambo kama majina, jinsia, umri na makazi, kisha mgonjwa aliyekuwapo akaulizwa ili kuthibitisha. Mashine ilipunguza orodha, na mtu akakata shauri.

Mlipakodi anaweza kufuata njia iyo hiyo. Herufi za jina zilinganishwe katika kila hati mwanzoni mwa mwaka, na hati za mshahara za miezi 12 zihifadhiwe. Makato yasipoonekana katika mfumo, hati hizo ndizo zitakazopelekwa kwa mwajiri na katika ofisi ya Mamlaka. Kuondoa kasoro hiyo mwezi Februari ni rahisi kuliko siku ya mwisho.

Kupeleka na kulipa

Mwisho kuna makosa ya mlangoni. Kwa mwaka wa kalenda, makadirio hutakiwa ifikapo 31 Machi, kodi hulipwa kwa awamu nne, na ritani hutakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani 30 Juni. Wengi wakiingia katika mfumo kwa saa zile zile za mwisho, mtandao huzidiwa. Umeme ukikatika, fomu isiyohifadhiwa hupotea. Hesabu ziandaliwe katika faili la pembeni, ili kazi ya mtandaoni iwe kunakili tu.

Kulipa na kupeleka ritani ni mambo mawili. Aliyelipa bila kupeleka bado ana wajibu, na aliyepeleka bila kulipa bado ana deni. Kila tendo lina uthibitisho wake, na nakala za zote mbili zihifadhiwe. Neno la siri lisiachwe kwa mwenye kibanda cha intaneti hata akiwa msaidizi mwaminifu, kwa maana kinachotumwa kwa neno hilo huhesabiwa kuwa kimetumwa na mlipakodi.

Mfumo nao ukiipokea fomu, haujaithibitisha kuwa ni kweli. Hata faili la jedwali ambalo walipakodi wa Kenya walizoea kulijaza katika mfumo wa iTax, ambalo hujikagua kabla ya kupelekwa, hukagua kama kila kisanduku kimejazwa inavyotakiwa. Haliwezi kujua kama gunia la dengu liliuzwa au halikuuzwa. Maarifa hayo yako Magu, kwa mwenye duka, naye hana budi kuyaandika siku ile ile.