Mtoto kazoea baiskeli isiyo na pedeli? Hivi ndivyo anavyohamia kwenye yenye pedeli

Baiskeli ndogo zisizo na pedeli siku hizi zinaonekana mitaani, nyingine zikiwa za mtumba. Zina magurudumu mawili, usukani na kiti, basi. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anakaa, anasukuma ardhi kwa miguu, na akishachanganya mwendo ananyanyua miguu na kuteleza.

Shida huanza siku mzazi anapoleta baiskeli "ya kweli". Mtoto aliyekuwa akifukuza kuku uani anaganda kwenye kiti, anaangalia miguu yake, analia. Baba anaona njia ni moja tu: kumpelekea fundi aifunge vigurudumu vya pembeni. Na hapo ndipo mtoto anarudishwa nyuma.

Vigurudumu vya pembeni vinafundisha kukanyaga pedeli, hakuna zaidi. Baiskeli ya magurudumu mawili hukata kona kwa kulala kidogo upande. Yenye vigurudumu haiwezi kulala, kwa hiyo mtoto anajifunza kukata kona akiwa wima kama yuko kwenye mkokoteni, na siku vikitolewa anaanza upya. Mtoto aliyezoea baiskeli isiyo na pedeli anao tayari ule ujuzi mgumu. Baiskeli ikianza kuangukia kushoto, mikono yake inageuza usukani kushoto kabla hata hajafikiri, na baiskeli inasimama. Kukanyaga pedeli ni jambo dogo ukilinganisha na hilo.

Hata baiskeli yenyewe ilizaliwa kwa mpangilio huohuo. Mwaka 1817, Mjerumani Karl Drais aliendesha chombo chake cha mbao mjini Mannheim, magurudumu mawili bila pedeli, akisukuma ardhi kwa miguu. Pedeli zilikuja kufungwa kwenye gurudumu la mbele miaka ya 1860 huko Ufaransa. Yaani zaidi ya miaka 40 watu wazima, tena wenye kofia na makoti, waliendesha kama mtoto wa chekechea.

Atajulikanaje kama yuko tayari?

Umri hausemi sana. Wengi huvuka kati ya miaka mitatu na mitano, ila wapo wanaowahi na wapo wanaochelewa. Cha kuangalia ni kuteleza: je, ananyanyua miguu yote miwili mpaka mtu ahesabu kumi, na anakata kona bila kuishusha? Kama bado anatembea tu huku kakalia kiti, aachwe kwanza.

Halafu kuna suala la saizi. Wazazi wengi hununua baiskeli kubwa "ili akue nayo", kama sare ya shule. Sare ikipwaya mtoto anakunja mikono. Baiskeli ikizidi anaanguka. Kwa mtoto mfupi, tairi za inchi 12 au 14 zinatosha. Kiti kishushwe mpaka nyayo zote mbili ziguse chini bila kunyoosha vidole. Na mzazi ainyanyue baiskeli kwa mkono mmoja kabla ya kulipa, maana nyingi za chuma ni nzito mno kwa mtu wa kilo 15.

Siku za kwanza pedeli zitolewe kabisa. Mtoto aizoee baiskeli mpya kwa njia anayoijua, kwa kusukuma na miguu, mpaka uzito na urefu wake visimtishe tena. Spana inayohitajika mara nyingi ni namba 15. Wengi hukwama kwenye pedeli ya kushoto kwa sababu nati yake ina uzi wa kinyume, na kadiri wanavyolazimisha ndivyo wanavyozidi kuikaza. Njia rahisi ya kukumbuka: spana ikiwa imesimama wima kwenye pedeli, kuivuta kuelekea gurudumu la nyuma ni kufungua, kuisukuma kuelekea la mbele ni kufunga. Ni hivyo pande zote mbili.

Pedeli zikirudi, kinachomsumbua mtoto ni kuondoka. Pedeli moja iwekwe mbele na juu kidogo, pale mshale wa saa unapokuwa saa nane. Mguu mmoja juu yake, mwingine chini. Anasukuma ardhi kwa ule wa chini, anakanyaga kwa ule wa juu, na baiskeli ikishaenda mguu wa pili unaitafuta pedeli wenyewe. Asiambiwe aangalie miguu. Aambiwe aangalie mbali, kwenye mti au geti, kwa sababu baiskeli hufuata macho.

Mzazi naye asishike usukani. Akishika, anamnyang'anya mtoto kitu chenyewe kinachomsimamisha. Amshike mabegani au chini ya makwapa, akimbie pembeni, na alegeze mkono polepole. Mteremko mdogo sana husaidia, na ardhi iwe ngumu: uwanja wa shule siku ya mapumziko, au sakafu ya saruji. Mchanga hula nguvu zote za miguu. Dakika 10 au 15 zinatosha kwa siku, na ni vizuri kuacha kabla mtoto hajachoka.

Breki ndiyo inayoleta majeraha, na ndiyo inayosahaulika

Kwenye baiskeli ya zamani mtoto alisimama kwa kushusha miguu, na tabia hiyo haiondoki kwa siku moja. Sasa akiwa kwenye mwendo akashusha miguu ghafla, pedeli inamgonga ugokoni, tena kwa nguvu. Kwa hiyo kabla ya kuachiwa uwanja mzima ajue kusimama. Kama breki ni ya kukanyaga kinyumenyume, ashikiliwe, akanyage mbele mara mbili kisha nyuma, mpaka asikie gurudumu likibana. Mchezo wa "nenda, simama" humfundisha haraka kuliko maelezo.

Breki za mkono zina tatizo lingine: vidole vya mtoto havifiki, au waya ni mgumu hata mtu mzima anahisi. Breki nyingi zina skrubu ndogo ya kusogeza mkono wa breki karibu na usukani, na fundi wa mtaani hulainisha waya kwa muda mfupi. Mzazi aangalie kwanza ipi inashika gurudumu la nyuma, amwelekeze mtoto hiyo. Ya mbele ikibanwa ghafla inaweza kumrusha juu ya usukani.

Kandambili zibaki nyumbani, na kamba za viatu zifichwe ndani zisivutwe na mnyororo. Helmeti ikae sawa kwenye paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, isirudi kisogoni. Ya mtumba ni kamari, kwani hakuna anayejua iliwahi kuanguka mara ngapi, na ikishapigwa kwa nguvu mara moja haiaminiki tena. Barabarani bodaboda zinapopita bado hapamhusu, hata kama anakanyaga vizuri, kwa kuwa anayejifunza huyumba kila akigeuza shingo.

Baiskeli ya zamani nayo isiuzwe wiki hiyohiyo. Baadhi ya watoto hukanyaga pedeli Jumamosi, wakaanguka, na Jumapili wakairudia ile ndogo kana kwamba ya pedeli haipo. Mtoto wa namna hiyo aachwe aiendeshe, ile kubwa ikisubiri ukutani mahali anapoiona.