Sura ya Sita: Kuelemewa Si Uvivu

Mwenye biashara ndogo aliyechoka hupewa ushauri uleule kwa sauti tofauti. Rafiki humwambia ajikaze, mhamasishaji wa jukwaani humwambia aiamini ndoto yake, na ndugu humwambia apumzike siku mbili atakaa sawa. Wote watatu wanaamini kwamba kilichopungua ni moyo, kwa hiyo wanatafuta namna ya kuujaza. Sura hii inashika upande mwingine. Ari ya mfanyabiashara mara nyingi haipungui kwa kuwa ameichukia kazi. Hupungua kwa sababu kichwa kimoja kinashikilia mambo mengi mno ambayo hayajaamuliwa, na kichwa kilichojaa hakioni lipi lianze na lipi lisubiri. Anayetaka kuirudisha ari, basi, aanze kwa kupunguza kinachokaa kichwani.

Tazama duka la rejareja la mtaani, lile ambalo Dar es Salaam wateja huliita kwa Mangi hata kama mwenyewe si Mchagga. Unga umebaki nusu gunia na bei ya jumla imepanda. Msambazaji wa soda anapita kesho na anataka fedha taslimu. Kuna mchele uliochukuliwa kwa mali kauli, na siku iliyoahidiwa imeshapita. Marejesho ya kikundi ni Ijumaa, kijumbe wa mchezo anapita kila jioni, kodi ya fremu inatakiwa ya miezi sita kwa mkupuo, na makadirio ya TRA yana awamu zake nne kwa mwaka. Daftari la madeni limejaa majina ya majirani ambao kuwadai ni kutafuta ugomvi. Nyumbani mtoto anahitaji ada, na ukoo una msiba. Hakuna hata jambo moja kati ya haya lililo gumu likiwa peke yake. Katika kampuni kubwa kila moja lina mtu wake: mhasibu, mtunza stoo, mnunuzi, mfuatilia madeni. Dukani wote hao ni mtu mmoja, tena anayawaza huku akipima sukari ya robo kilo.

Kwamba mzigo wa namna hii hula akili, na si hisia peke yake, kuna ushahidi. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao. Sehemu moja ya utafiti huo ilihusu wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Mkulima wa miwa hupata fedha baada ya mavuno, kwa hiyo majuma ya kabla ya mavuno ni ya ukata, kuweka vitu rehani na kukopa. Watafiti walimpima mkulima yuleyule mara mbili, kabla na baada ya mavuno, na wakaona kwamba kabla ya mavuno alifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri na ya kuzuia jibu la haraka. Hakuwa amepungukiwa akili ndani ya miezi michache. Sehemu ya akili hiyo ilikuwa imeshikwa na hesabu za kukosa. Mtu anaweza kusema kwamba mkulima wa India si muuza duka wa Mbagala, na ni kweli. Lakini muuza duka ana ukata wa kila wiki badala ya ule wa msimu, kwa hiyo hana hata yale majuma ya ahueni yanayofuata mavuno.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka magharibi mwa Kenya, na unahusu jambo dogo kuliko yote dukani: chenji. Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walichunguza biashara ndogo ambazo zilikuwa zikipoteza mauzo kwa sababu tu mwenyewe hakuwa na chenji ya kumrudishia mteja. Walikadiria kwamba hasara hiyo ilifikia kati ya asilimia 5 na 8 ya faida. Kuwa na chenji hakuhitaji mkopo wala elimu. Na watafiti walipoanza kupita kila wiki na kuuliza habari za chenji, wenye biashara walianza kuitunza vizuri zaidi. Hakuna aliyewapa mtaji wala kuwahutubia kuhusu juhudi. Waliletewa mbele ya macho jambo lililokuwa limezama chini ya mengine. Anayewaita watu hao wavivu itabidi aeleze kwa nini swali tu liliutibu uvivu wao.

Ikiwa tatizo ni kujaa kwa kichwa, dawa ya kwanza ni kukitua mzigo. Hapa wengi hupinga kwamba kuandika orodha hakumalizi kazi, deni linabaki palepale likiwa limeandikwa. Pingamizi hili lina nguvu kwa orodha tupu. E. J. Masicampo na Roy Baumeister, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011, waligundua kwamba shughuli isiyotimizwa huendelea kuingilia mawazo ya mtu hata anapofanya jambo jingine, lakini akishaiwekea mpango mahususi, usumbufu huo hupungua ingawa shughuli yenyewe haijafanywa. Kwa hiyo kuandika “deni la mchele” hakusaidii sana. Kuandika kwamba Jumatano saa nne asubuhi nitampigia mwenye mchele, nimpe nusu na kumwomba wiki mbili za kulipa nusu nyingine, ndiko kunakokiachia kichwa. Mwenye mchele bado anadai, ila hadai tena usiku kucha.

Dawa ya pili ni kuacha kuamua jambo moja mara mia. Kila anayeomba kukopeshwa anamlazimisha muuzaji kufanya uamuzi mpya, na kila shilingi inayotoka kwenye droo kwenda sokoni kununua mboga ni uamuzi mwingine. Kanuni rahisi huyafuta maamuzi hayo. Katika Jamhuri ya Dominika, Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar walilinganisha wafanyabiashara wadogo waliofundishwa uhasibu wa kawaida na wale waliofundishwa kanuni chache tu, mojawapo ikiwa kuweka fedha za biashara na za nyumbani katika droo mbili, na kuandika hati ya deni kila fedha inapovuka kutoka moja kwenda nyingine. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba kanuni ziliboresha utunzaji wa fedha, ilhali mafunzo ya uhasibu hayakuleta mabadiliko ya maana. Wapo watakaosema kwamba duka la mtaani haliendeshwi kwa kanuni, kwa kuwa jirani mwenye mgonjwa hawezi kuambiwa daftari limefungwa. Lakini kanuni nzuri haimkatazi mtu huruma, humwekea kiwango chake. Mwenye duka aliyeamua mapema kwamba atakopesha kiasi fulani kwa wiki na si zaidi anaweza kumpa mwenye mgonjwa bila kinyongo, na akimkataa mwingine hamkatai kwa sura yake.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaoamini katika kujikaza, nao wana ushahidi wa kuonyesha. Mjini Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu: moja lilipewa mafunzo ya kawaida ya biashara, moja mafunzo ya kisaikolojia ya kujituma, na la tatu halikupewa chochote. Utafiti huo wa Francisco Campos, Michael Frese na wenzao, uliotoka mwaka 2017, ulionyesha kwamba faida ya waliofundishwa kujituma ilipanda kwa asilimia 30, na ya wale wa mafunzo ya kawaida kwa asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikutofautiana na sifuri. Je, hii haithibitishi kwamba moyo ndio kila kitu? Tukitazama walichofundishwa, jibu ni hapana. Walifundishwa kuanza jambo bila kungoja kuambiwa, kutafuta nafasi kabla wengine hawajaiona, kuweka lengo, kupanga hatua na kufikiria vikwazo mapema. Hayo ni mazoea ya kufanya, na hayafanani na hotuba ya kumtia mtu mori. Ari iliyoonekana Lomé ilikuwa na pa kushikia.

Na ari ikishapata pa kushikia, hukua kwa kuona hatua. Teresa Amabile na Steven Kramer walikusanya karibu kumbukumbu 12,000 za kila siku kutoka kwa wafanyakazi 238, na katika kitabu chao cha mwaka 2011 wakaeleza kwamba kilichotofautisha siku njema na siku mbaya kazini zaidi ya kingine chochote ni kusonga mbele, hata kidogo, katika kazi yenye maana. Mwenye duka husonga mbele lakini haoni, kwa kuwa anachokitazama ni mauzo ya leo tu, na mauzo hupanda na kushuka kwa mvua, kwa mwisho wa mwezi na kwa sikukuu. Deni lililopungua, bidhaa iliyoacha kuozea dukani, mteja aliyelipa bila kufuatwa, yote ni hatua, na zisipoandikwa jioni husahaulika kabla ya asubuhi.

Linabaki swali ambalo mwandishi wa vitabu vya biashara hapaswi kulikwepa. Vipi kama mzigo ni wa kweli? Mtu aliyenaswa na mikopo ya kausha damu hatalipa riba kwa daftari safi, na fremu iliyo mtaa usiopitika haitapata wateja kwa kanuni. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linaueleza uchovu wa kazi kuwa unatokana na shinikizo la kazini la muda mrefu ambalo halikudhibitiwa. Chanzo, basi, kinatafutwa kazini, na baadhi ya kazi haziendeki. Hili haliivunji hoja ya sura hii, bali linaonyesha faida yake kubwa. Mtu aliyeelemewa hana njia ya kujua kama amechoka kwa sababu biashara inakufa au kwa sababu kila kitu kimerundikana kichwani, kwani uchovu wa aina zote mbili humjia kwa sura moja. Akishaandika madeni yake na tarehe zake, akatenganisha droo mbili na kuweka kanuni chache kwa miezi mitatu, ule unaotokana na mrundikano utapungua, na unaobaki ni habari za biashara yenyewe. Hapo anaweza kupunguza bidhaa, kuhamia fremu nafuu, kuomba upya masharti ya mkopo, au kufunga na kuanza jingine. Uamuzi wowote kati ya hayo, hata wa kufunga, ni bora kuliko kujikaza mwaka mwingine mzima bila kujua anachokikazania.