NYUMBA YENYE MAGURUDUMU
Wazee wa Marekani wanaolala katika motokari, na sisi wa Katanga

Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya, vijana wa kwetu upande wa Kinsevere walikuwa wamezunguka simu moja wakiangalia filamu. Mmoja akaniita: "Papa, kuya uone! Hawa bakubwa ba Amerika banalala mu motokari. Si banasemaka kule makuta iko mingi?"

Nikakaa nao, tukaangalia mpaka mwisho. Filamu ile inaitwa Nomadland. Ilitengenezwa na Chloé Zhao mwaka wa 2020, nayo imetoka katika kitabu cha mwandishi wa habari Jessica Bruder kilichochapwa mwaka wa 2017. Mama anayeonekana mbele, Frances McDormand, ni mwigizaji wa kazi yake. Lakini wengi wa wazee wanaomzunguka si waigizaji. Linda May, Swankie, Bob Wells, hao ni watu walioishi maisha hayo wenyewe, na mu filamu wanaitwa kwa majina yao. Mwaka wa 2021 filamu hiyo ilipata zawadi ya Oscar iliyo kubwa kuliko zote.

Vijana walishangaa magari. Mimi nilishikwa na kitu kingine: habari yenyewe inaanza katika mji wa mgodi.

KAMPANI INAPOFUNGA MLANGO

Mji huo unaitwa Empire, uko katika jangwa la jimbo la Nevada. Kampani ya United States Gypsum ilichimba pale jasi, lile jiwe jeupe linalosagwa ili kutengeneza plasta na mbao za kuta. Nyumba zilikuwa za kampani, na wafanyakazi walilipa pango kidogo tu. Palikuwa na bwawa la kuogelea na uwanja mdogo wa golfu. Msomaji wa Likasi au Kolwezi anayekumbuka serkle za zamani hana haja ya kuelezwa zaidi.

Kisha, kuanzia miaka ya 2007 na 2008, kazi ya kujenga nyumba ilianguka Marekani yote, na plasta ikakosa wanunuzi. Tarehe 31 Januari 2011 kiwanda kikafungwa. Wenye watoto waliachiwa kukaa mpaka mwezi wa sita ili watoto wamalize mwaka wa shule. Baada ya hapo watu wakatoka, milango ikafungwa, na hata namba ya posta ya mji, 89405, ikafutwa.

Fikiri, ndugu yangu. Mtu anapoteza kazi, na kwa pigo hilo hilo anapoteza nyumba, jirani, na shule ya watoto. Hapo ndipo mama wa mu filamu anapanga vitu vyake ndani ya kombi na kuondoka. Huyo mama ametungwa, lakini mji haukutungwa.

Sasa juu ya nini motokari? Ni hesabu. Kule Marekani mfanyakazi hukatwa sehemu ya mshahara kwa ajili ya pansio ya serikali. Anaweza kuanza kuipokea akifika miaka 62, lakini anayeanza mapema anapewa pungufu maisha yake yote. Waliozaliwa mwaka wa 1960 na baadaye wanapaswa kungoja miaka 67 ili wapate yote. Linda May alitumika tangu ujana, kazi za namna nyingi, akalea watoto, na alipozeeka pansio yake ilikuwa dola 500 na kidogo kwa mwezi.

Hapo kijana mmoja akapiga kelele: "Mia tano! Mi nikipata ile kila mwezi, najenga etaji!"

Ndiyo, hapa. Kule, katika miji mingi, pango ya nyumba ndogo inapita hiyo mia tano, nawe hujanunua bado mkate wala dawa. Kwa hiyo mzee anaandika gharama zake kwenye karatasi, anaona ile iliyo kubwa kuliko zote ni pango, anaikata. Linda May alinunua karavani ndogo ya mwaka wa 1974, urefu wake mita 3 hivi, akawa anaivuta nyuma ya jeep. Aliipa jina la mchezo, Squeeze Inn, maana yake kama kusema hoteli ya kujibana. Ndani mlikuwa kitanda, meza, na jiko. Mama mwenye sufuria nyingi hawezi.

JINSI WANAVYOISHI

Wengine wana magari makubwa kama basi, yenye choo na bafu. Hao ni wenye pesa, wanatembea kwa furaha, tuwaache. Wa pansio ndogo wanatumia kombi za kawaida, hata gari dogo. Juu ya paa wanaweka pano solere na chini batri, wapate taa na kuchaji simu. Maji wanachota katika bidon. Choo ni ndoo yenye mfuniko. (Bob Wells mwenyewe huwafundisha wapya habari ya ndoo hiyo mbele ya watu wote, bila haya.)

Wanaegesha wapi? Katika jangwa la magharibi serikali ina ardhi kubwa sana, na mahali pengi mtu anaruhusiwa kukaa siku 14 bila kulipa, kisha asogee. Karibu na Quartzsite, katika jimbo la Arizona, kuna uwanja wa kukaa kipupwe chote, tangu tarehe 15 Septemba mpaka 15 Aprili, na kwa miaka mingi bei ilikuwa dola 180 kwa miezi hiyo yote saba. Maelfu ya magari hukusanyika pale. Joto likianza, wanapanda milimani kwenye baridi. Mjini ni shida: miji mingi inakataza kulala katika gari, na polisi anagonga dirisha usiku wa manane.

Tena msifikiri wanakaa tu. Pansio haitoshi hata kwa ndoo. Basi watu wa miaka 65, hata 70 na zaidi, wanatafuta kazi za majira. Mwezi wa tisa na wa kumi wanakwenda Dakota ya Kaskazini na Minnesota kupokea viazisukari kutoka mashambani, zamu ya saa 12 katika upepo wa baridi. Wakati wa joto wanalinda kambi za watalii na kusafisha vyoo vyake. Kampani ya Amazon ilianza mwaka wa 2008 kuwaandika wazee wa karavani kwa wingi kabla ya Noeli, na iliendelea hivyo kwa miaka mingi. Walitembea kilomita nyingi kila siku juu ya saruji ndani ya maghala, huku wakimeza dawa za maumivu.

Na kuna mambo ambayo sisi hatungeyafikiri. Mtu asiye na nyumba hana adresi, na bila adresi hapati permi ya kuendesha wala barua ya pansio. Kwa hiyo wengi wanakwenda South Dakota, wanalala usiku mmoja katika kambi au hoteli, wanaonyesha risiti pamoja na adresi ya posta ya kukodi, na jimbo linawapokea kama wenyeji. Motokari ikiharibika, nyumba ndiyo imeharibika. Ukiugua peke yako jangwani, nani atajua?

Msichana mmoja wa kwaya aliuliza: "Na batoto babo beko wapi?" Wengi wanao watoto. Lakini watoto nao wanalipa pango, au nyumba imejaa, au mzee mwenyewe hataki kuwa mzigo. Linda May alikuwa akilala kwenye kochi katika nyumba ya mtoto wake kabla hajapata karavani. Wengine, lazima tuseme kweli, wamependa uhuru ule, nao wamepata rafiki kwa rafiki jangwani kuliko waliokuwa nao mjini.

KWETU

Mimi sikucheka, kwa sababu babu zetu walipita njia hiyo hiyo, isipokuwa magurudumu. Union Minière iliundwa mwaka wa 1906. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kuwataka wafanyakazi wakae na wake zao kambini, kwa kontra ndefu. Ndipo nyumba, posho, hospitali na shule vikatoka katika mkono mmoja. Mwaka wa 1967 serikali ikaichukua, na baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa shaba tani zaidi ya 470,000 kwa mwaka. Mwezi wa tisa mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na miaka michache baadaye tani hazikufika hata 50,000. Mshahara ukakaa miezi na miezi bila kulipwa. Kisha, mwaka wa 2003 na 2004, kwa msaada wa Banki ya Dunia, watu 10,655 wakaondoka katika ile iliyoitwa "départ volontaire". Walipewa pesa mara moja, basi.

Baba mukubwa wetu alitumika miaka 31 katika kampani moja ambayo sitaitaja. Alipopata pesa zake alinunua lupango na kombi ya okazyo, aifanye teksi. Mwezi wa nne motere ikafa. Wakati huo huo alitakiwa kuacha nyumba ya kazi, na juu ya lupango hapakuwa hata tofali moja. Akaivuta ile kombi mpaka pale, akatoa mapira akayauza, akaiinua juu ya matofali mabichi, na yeye pamoja na mama mukubwa wakalala ndani masika yote. Mchana walibomoa kichuguu na kufyatua matofali. Alizoea kutuambia: "Nilikuwaka na nyumba ya bazungu miaka makumi tatu, haikukuwa yangu. Hii ya kombi inavuja, lakini njo yangu." Waliingia katika nyumba yenye manjanja mwaka uliofuata.

Kwa hiyo ninapowaona vijana wa Kinsevere wanapanga nyumba kwa bei ya mgodi, ninapata wasiwasi. Mgodi huu, kilomita 30 hivi kaskazini ya Lubumbashi, ulifunguliwa mwaka wa 2007 na Anvil Mining, na MMG ikaununua mwaka wa 2012. Mwaka wa 2022 iliamuliwa kupanua kazi, kwenda kwenye mawe magumu ya chini na kuchukua kobalti pia. Hiyo ni miaka ya kazi iliyoongezwa, nasi tunafurahi. Lakini kila shimo lina mwisho wake uliokwisha pigiwa hesabu na wenye kampani. Je, katika nyumba yako hesabu hiyo imepigwa?

Anayenunua lupango auulize ukoo wa chifu na majirani, lakini asiishie hapo. Katika sheria ya nchi yetu ya mwaka wa 1973, udongo ni wa serikali, na haki ya mtu juu yake inaonekana katika sertifika danrejistrema peke yake. Karatasi ya chifu au ya kartie ni mwanzo tu wa njia. Wengi wanakaa na karatasi hiyo miaka 20, mzee anakufa, wadogo zake wanakuja na maneno, na mjane anabaki na karatasi mkononi. Akina baba, mwonyesheni mama mahali karatasi zinapolala, ungali mzima.

Linda May naye, akiwa na karavani yake, hakuacha kuwaza udongo. Kitabu cha Bruder kinasimulia alivyonunua eka 5 za jangwa kavu karibu na Douglas, katika Arizona, si mbali na mpaka wa Meksiko, akilipa kidogo kidogo, ajenge nyumba ya mapira ya zamani na udongo.

Kombi ya baba mukubwa iko hadi leo nyuma ya nyumba. Bajukulu wanacheza dereva ndani yake, na kuku wanataga chini ya usukani.