Tunateka, tunaogelea, tunakunywa: Lambo moja, kazi tatu



Ndugu msomaji, mvua zikishakolea huku kwetu Mhunze na vijiji vya Kishapu, malambo hujaa. Nenda jioni yoyote uangalie. Ukingo huu akina mama na mabinti wanateka maji ya kupikia, ukingo ule ng'ombe wanakunywa, na katikati vijana wanapiga mbizi. Ndugu yetu mmoja ameniletea swali. Anasema serikali ya kijiji chao imekataza kuogelea kwenye lambo, na baadhi ya wazee wamekasirika. Wanadai watoto wananyimwa furaha yao bure, kwa sababu maji mengi hayachafuki. Anauliza, hilo katazo lina msingi?

Nianze na hiyo hoja ya maji mengi, kwani wanaoitoa wengine ni watu waliosoma. Katika madhehebu ya Imam Shafi tunafundishwa kwamba maji yakifika qullatain, takriban lita 200 wanazuoni wakitofautiana kidogo, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Lambo ni zaidi ya qullatain mara maelfu. Kwa hiyo udhu wake ni sahihi na nguo iliyofuliwa humo ni tohara, hakuna ubishi. Lakini hukumu hiyo inazungumzia tohara, nayo haikutolewa kuwa cheti cha hospitali. Maji yanaweza kuwa tohara na yakakuua. Maji ya mgodini yenye sumu isiyoonekana wala kunukia, mtu akitawadhia tutajadili udhu wake, lakini nani atampa mwanawe anywe?

Tena waliosoma mlango wa maji wanajua kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo humo. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Katika riwaya nyingine ya Muslim, mwenye janaba amekatazwa kuoga ndani ya maji yaliyotuama. Abu Huraira alipoulizwa basi afanyeje, akajibu kwamba ayachote. Abu Dawud naye amepokea onyo juu ya kwenda haja kubwa kwenye vyanzo vya maji, njiani na vivulini. Mimi kama tabibu nikisoma neno hilo la kuchota nasimama kidogo, kwa sababu ndilo ambalo ningemwambia mgonjwa wangu wa kichocho.

Kichocho cha mkojo kinakwenda hivi. Mtoto mgonjwa anakojoa majini, na wanaoogelea wote hukojoa majini, tusidanganyane. Mkojo una mayai ya minyoo. Mayai yakigusa maji baridi huanguliwa, na kijidudu kinachotoka humtafuta konokono wa aina yake. Akimpata huingia na kuzaliana humo, na baada ya wiki nne hadi sita konokono mmoja huanza kumwaga vijidudu vipya kwa mamia na maelfu. Hivi sasa vinatafuta ngozi ya binadamu. Huhitaji kumeza maji wala kuwa na kidonda. Dakika chache za kusimama majini zinatosha. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi ya saa nne hadi alasiri, yaani saa zile zile ambazo vijana wanapenda kuogelea.

Wengine hudhani kwamba lambo linalokauka kiangazi haliwezi kuwa na ugonjwa. La hasha. Konokono wa huku Shinyanga, ambaye wataalamu humwita Bulinus nasutus, ni mkazi wa vidimbwi vya msimu. Kiangazi hujificha kwenye tope, akavumilia miezi, mvua ikinyesha anaamka. Watu wa Mwanza wanaoishi kando ya ziwa wana kichocho cha tumbo zaidi, chenye konokono mwingine. Sisi wa nyikani cha kwetu ni cha kibofu, na makao yake ni malambo na mashamba ya mpunga.

Mdudu huyu alitambuliwa na daktari Mjerumani Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Huko Misri kukojoa damu kulizoeleka kiasi kwamba wengine walihesabu ni dalili ya mvulana kukua, na hapa kwetu wapo wanaosema vivyo hivyo. Siyo kukua. Ni mayai yenye mwiba yanayopasua kuta za kibofu. Minyoo huishi miaka ndani ya mishipa ya damu, na mtu akiachwa bila tiba figo huweza kuharibika, na ukubwani saratani ya kibofu ikamfuata.

Kuna jambo ambalo kwenye baraza watu hawalisemi, nami naona ndilo zito kuliko yote. Mayai hayo hayaishii kwenye kibofu. Kwa msichana huingia kwenye njia ya uzazi, yakaleta vidonda, uchafu, maumivu na damu isiyo ya hedhi. Dalili zake zinafanana na za magonjwa ya zinaa. Mama mmoja alinijia na bintiye wa miaka kumi na mitano, uso umemvimba kwa kilio.

"Daktari, mpime huyu. Baba yake amesema asirudi nyumbani mpaka ajulikane aliyemharibu."

"Mama, maji mnateka wapi?"

"Lambo. Yeye ndiye anateka na kufua, tangu mdogo."

Mkojo ulionesha mayai ya kichocho. Hakuna aliyemharibu. Ndugu zangu, tunajua uzito wa kumtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi. Kabla mzazi hajafungua kinywa, ampeleke mtoto akapimwe mkojo. Vidonda hivyo visipotibiwa huweza kuleta ugumba, na huongeza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI hata ndani ya ndoa halali.

Na hapa utaona upungufu wa katazo la kijiji cha ndugu yetu. Linawagusa wavulana wanaoogelea, lakini binti anayesimama majini mpaka magotini kila siku akifua halimgusi. Katazo la kuogelea ni sahihi, lakini likiwa peke yake ni nusu ya kazi.

Wapo watakaosema mbona Ulaya na Marekani watu huogelea kwenye mabwawa ya maji ya kunywa? Ni kweli wapo, lakini wapo pia wanaokataza. Bwawa la Quabbin linalonywesha jiji la Boston ni kubwa kuliko malambo yetu yote, na kuogelea humo ni marufuku hadi leo. Wanaoruhusu huruhusu kwa sababu kati ya muogeleaji na bomba la nyumbani kuna mtambo unaochuja maji na kuyatia dawa. Hata maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa Ihelele kwenda Kahama na Shinyanga kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009 husafishwa kwanza. Lambo letu lina mtambo gani? Kati ya mkojo wa muogeleaji na kikombe chako kuna ndoo tu. Hapo sijagusa kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu, ambacho mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 kiliwasumbua jirani zetu wa Simiyu.

Sheria pia ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kijiji kikitunga sheria ndogo ya kulinda lambo hakikosei. Vyombo vya watumia maji vinavyosimamiwa na RUWASA ndipo pa kupeleka hoja hiyo.

Lakini katazo bila njia mbadala huvunjwa usiku. Lambo lizungushiwe uzio, hata wa minyaa, ambayo ng'ombe hali. Birika la mifugo na mahali pa kufulia viwe nje ya uzio, upande wa chini, maji yapelekwe huko kwa bomba au kwa ndoo. Choo kiwe mbali. Msikiti au madrasa inayotegemea lambo iweke pipa na kata, watu wachote na kutawadha pembeni, miguu isiingie majini. Maji ya kuoga yakikaa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili, vijidudu vya kichocho hufa vyenyewe. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakiwa yamelala.

Kuhusu kuogelea kwenyewe, sisemi ni kubaya. Katika hadithi aliyoipokea Imam An-Nasai, kujifunza kuogelea kumehesabiwa miongoni mwa michezo isiyo ya upuuzi. Tatizo ni maji. Kwa bahati mbaya hapa kwetu sijui dimbwi lililotuama ninaloweza kumwambia mzazi kwamba hili ni salama, na kutenga lambo la pili kwa ajili ya kuogelea kutayaokoa maji ya kunywa lakini watoto wataendelea kuugua. Mashimo ya wachimbaji huko Geita na Kahama ndiyo mabaya zaidi. Kingo zake ni wima, mtoto akitumbukia hana pa kushika, na palipooshewa dhahabu tope lina zebaki.

Ama tiba ipo, nayo ni nyepesi. Ni vidonge vya prazikwanteli, hupimwa kwa urefu au uzito, na hugawiwa mashuleni siku za kampeni. Ambaye hayuko shule mleteni kituoni. Ale kwanza, kwa sababu dawa hiyo tumboni mitupu huleta kichefuchefu. Kampeni ikiangukia Ramadhani na mtoto amefunga, mwalimu aelezwe, apewe siku nyingine. Dawa huua minyoo iliyokomaa, haizuii mipya, basi aliyerudi majini arudi pia kupimwa.

Mnapoleta mkojo wa kupimwa, msilete wa alfajiri. Mayai hutoka zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mtoto arukeruke kidogo kwanza, na kinachotakiwa kwenye kichupa ni matone ya mwisho ya haja ndogo.